Namna ya Kutengeneza Vizuizi vya Chenga na Mawe Unaposaga Visiki vya Miti Nyumbani

Mti mkubwa unapoangushwa kwenye kiwanja cha Njiro au Sakina huko Arusha, au Shanty Town au Rau huko Moshi, kazi ya kuondoa kisiki huachiwa mwenye nyumba, na siku hizi wengi huamua kukodi mashine ya kusaga, ambayo gurudumu lake lenye meno hukikata kisiki kuwa chenga, badala ya kuchimba kwa sururu na shoka. Ndipo maswali yale yale yanapoanza. Je, turubai peke yake linatosha kuzuia chenga? Je, mabati yaliyobaki baada ya kuezeka yanafaa? Kizuizi kisimame umbali gani kutoka kwenye kisiki? Na je, nikishaweka kizuizi, watoto wanaweza kukaa barazani na kutazama? Mwongozo huu umeandikwa ili kuyajibu maswali hayo kwa utaratibu, na la mwisho lijibiwe hapa hapa kwa kuwa ndilo zito kuliko yote: hapana, watoto wasikae barazani. Kizuizi cha kutengeneza nyumbani kinapunguza uchafu unaotapakaa na kinalinda madirisha, kuta na magari, lakini kinachowalinda watu ni umbali.

Kwa nini chenga na mawe huruka kwa nguvu kiasi hicho

Gurudumu la mashine lenye kipenyo cha sentimita 30, likizunguka mara 2,000 kwa dakika, linaifanya ncha ya jino lake ikimbie kwa zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Chenga ya mti ni nyepesi na hupoteza mwendo haraka hewani, lakini jiwe dogo lililokwama katikati ya mizizi haliupotezi mwendo huo kwa urahisi. Udongo wetu wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro ni wa volkano, na sehemu nyingi umejaa mawe ambayo mizizi imeyakumbatia kwa miaka, hivyo yeyote anayesaga kisiki huku kwetu ni lazima ahesabu kwamba atakutana na mawe, hata kama juu ya ardhi haonekani hata moja.

Kutokana na hilo, kizuizi kizuri kinahitaji sifa mbili ambazo watu wengi huziona kuwa ni moja. Kinatakiwa kiwe na sehemu laini inayoning'inia, ambayo itapokea pigo na kulimaliza nguvu, na nyuma yake kiwe na sehemu ngumu ambayo haitatoboka. Sehemu ngumu ikiwa peke yake inarudisha mawe kwa mwendeshaji, na laini ikiwa peke yake inatobolewa.

Mahitaji

Vipimo vifuatavyo vinatosha kuzunguka pande tatu za kisiki chenye kipenyo cha hadi sentimita 40. Kisiki kikiwa kikubwa zaidi, ongeza paneli kwa utaratibu ule ule.

- Plaiwudi 3 za futi 8 kwa 4, zenye unene wa milimita 12. Mabao ya plaiwudi yaliyokwishatumika kumwagia zege yanafaa sana na hupatikana kwa mafundi wanaomaliza jengo, mradi yasiwe yameoza kingo wala kuachana matabaka.
- Mbao za inchi 2 kwa 2, zilizonyooka na kukauka, kwa ajili ya fremu na miguu.
- Skrubu za mbao za inchi 1 na nusu, pamoja na boliti 24 za milimita 8 zenye urefu wa milimita 120, washa zake na nati zake.
- Vipande vya mpira mzito vyenye upana wa sentimita 20. Mkanda wa mpira wa mashine za kubebea kokoto ndio bora. Ukikosekana, mafundi wa makatambuga huuza vipande vya ubavu wa tairi, nao wana visu vya kuvikata sawasawa, kazi ambayo ni ngumu kuifanya mwenyewe. Usichukue sehemu ya tairi yenye nyaya.
- Turubai zito la lori, hata likiwa kuukuu, la kutosha kukunjwa mara mbili kwenye kila paneli.
- Viroba 12 vya kilo 25, vijazwe mchanga na kushonwa midomo.
- Kamba ya manila, msumeno, drili, bisibisi, spana, tepu ya kupimia na penseli.
- Sururu, koleo, reki, ufagio wa chelewa na ndoo ya maji kwa ajili ya kutayarisha eneo.
- Kwa mwendeshaji: kinga ya uso ya plastiki pamoja na miwani ya usalama ndani yake, kinga ya masikio, kofia ngumu, glavu zinazobana, suruali nzito na viatu vya ngozi vyenye chuma mbele. Shuka, kanga, skafu na koti lisilofungwa vifungo viachwe ndani ya nyumba.

Kuhusu mabati, ambayo ndiyo kila mtu anayo nyuma ya nyumba, ushauri wangu ni kuyaacha. Bati jembamba la kuezekea hupindika, kelele zake humzuia mwendeshaji kusikia mlio wa mashine unapobadilika, jiwe linaporuka kutoka kwenye migongo yake huenda upande ambao hakuna anayeweza kuukisia, na kingo zake zikiangukia mtu humkata. Wavu wa kuku na wavu wa vichanja vya kukaushia kahawa nao haufai kuwa kizuizi cha msingi, kwa sababu jiwe dogo hupita katikati, na waya uliokatika ni kitu cha mwisho unachotaka kiwe karibu na gurudumu.

Kutengeneza paneli

1. Kata kila plaiwudi katikati ili upate vipande viwili vya takriban mita 1.22 kwa 1.22. Utapata vipande sita. Watu wengi hupenda kuiacha plaiwudi nzima kwa kuwa ni kazi ndogo, lakini plaiwudi nzima yenye fremu haibebeki na mtu mmoja, inakamata upepo, na haiwezi kukaa vizuri kwenye ardhi yenye mwinuko kama ilivyo katika viwanja vingi vya Sekei au Kibosho. Nusu yake ina uzito wa takriban kilo 10 kabla ya fremu, na mtu mmoja anaweza kuisogeza bila kuumia mgongo.

2. Tengeneza fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2 kuzunguka kingo zote za kila kipande, na uongeze ubao mmoja wa kusimama katikati. Fremu yote iwe upande wa nje, yaani upande usiotazama kisiki, ili uso wa ndani ubaki tambarare. Skrubu zipigwe kutoka uso wa ndani kuelekea kwenye fremu, umbali wa sentimita 15 baina ya moja na nyingine, na vichwa vyake vizamishwe kidogo ndani ya plaiwudi. Usitumie misumari, kwa sababu mtetemo na mapigo huilegeza taratibu, na msumari uliochomoka ukiangukia ndani ya eneo la kusaga huwa risasi.

3. Tengeneza miguu miwili kwa kila paneli. Kila mguu ni pembetatu yenye ubao wa kusimama wa sentimita 80, ubao wa chini wa sentimita 80 unaotoka nje, na ubao wa mshazari unaoviunganisha viwili hivyo. Funga ubao wa kusimama kwenye ubavu wa fremu kwa boliti mbili, moja juu na moja chini, na uhakikishe kwamba ubao wa chini unapita chini ya fremu ili paneli ikae sentimita 5 juu ya ardhi. Nafasi hiyo huizuia plaiwudi isinywe maji, na itazibwa katika hatua ya 4. Boliti zinafaa kuliko skrubu hapa kwa kuwa baada ya kazi utaifungua miguu na kuzipanga paneli stoo zikiwa bapa.

4. Funga mpira kwenye ukingo wa chini wa paneli, upande wa ndani, sentimita 10 zikiwa juu ya plaiwudi na sentimita 10 zikining'inia. Mpira ukiwa ndani, chenga zinazolundikana huusukuma uibane paneli na kuziba nafasi yote. Ukiufunga nje, chenga hizo hizo huusukuma uinuke, na hapo ndipo mawe madogo hupenya na kukimbia chini chini hadi kwenye miguu ya mtu. Mpira upitilize sentimita 5 kila upande wa paneli ili paneli mbili zinapokutana isibaki pengo.

5. Ning'iniza pazia. Hii ndiyo hatua ambayo wanaoanza huiruka, na ndiyo inayotofautisha kizuizi cha kweli na ubao uliosimamishwa tu. Piga vipande vya mbao vya inchi 2 kwa 2 kwenye ukingo wa juu wa uso wa ndani, kisha kata turubai, likunje mara mbili na ulifunge kwenye vipande hivyo kwa ubao mwembamba na skrubu, ili libaki likining'inia sentimita 5 mbele ya plaiwudi. Ukiwa na blanketi nzito la mitumba, kama yale yanayouzwa katika masoko ya Kiboroloni au Kilombero, liweke nyuma ya turubai na kamwe lisiwe mbele, kwa kuwa nyuzi zake zikivutwa huenda zikajisokota kwenye gurudumu. Pazia liishie sentimita 20 juu ya ardhi. Likigusa ardhi, chenga huufunika ukingo wake wa chini, hulivuta likakaza, na pazia lililokaza haliwezi tena kumeza pigo.

Tahadhari: usifunge minyororo, vyuma wala mawe chini ya pazia ili lisipepee. Uzito wa turubai lililokunjwa mara mbili unatosha.

6. Toboa matundu mawili kwenye fremu ya kila ubavu, moja juu na moja chini, kwa ajili ya kamba ya kuunganisha paneli. Kamba inapendeza kuliko bawaba kwa sababu inaruhusu paneli mbili kukaa kwenye miinuko tofauti na bado zikashikana.

Kutayarisha eneo

7. Ulizia kilicho chini ya ardhi kabla ya kuleta mashine. Mabomba ya mamlaka za maji, AUWSA kwa Arusha na MUWSA kwa Moshi, huingia kiwanjani kutokea barabarani, na mara nyingi mwenye nyumba ameongeza mabomba yake mwenyewe kwenda bustanini bila kuyazamisha sana. Nyaya za taa za uzio na kengele ya geti hupitishwa vivyo hivyo. Chemba na mashimo ya maji taka yaonyeshwe na mtu anayeijua nyumba. Kizuizi hakisaidii chochote ukikata waya wa umeme ulio ardhini.

8. Kagua kisiki kwa kutafuta chuma. Miti mingi ya mipakani kwetu, hasa mikaratusi na grevilea, imetumika kama nguzo za uzio, na kadiri ilivyonenepa imemeza seng'enge na misumari yake. Osha uso wa kisiki kwa maji na ufagio, kisha uutazame mahali penye mwanga. Doa jeusi lenye rangi ya bluu, lililokaa kama wino uliomwagika na kufuata nyuzi za mti kwenda chini, ni dalili ya chuma kilichooza humo ndani, kwa kuwa chuma hubadilisha rangi ya mti wenye tanini nyingi (dawa ya asili iliyo ndani ya mti) kama mkaratusi. Ukiliona, chimba kwa patasi na nyundo hadi ukifikie na ukitoe. Endapo seng'enge imezama kiasi cha kutokutoka, usikisage kisiki hicho. Kichimbe kwa mikono. Kipande cha waya kinachorushwa na gurudumu hupita turubai lililokunjwa mara mbili, na sijaona kizuizi cha nyumbani ambacho ningekiamini mbele yake.

9. Ondoa mawe yote yaliyo juu ya ardhi kwa eneo la mita 2 kuzunguka kisiki, kisha chimba kwa sururu kina cha sentimita 10 hadi 15 kukizunguka na uyatoe mawe yaliyo baina ya mizizi. Kazi hii inachosha na huchukua muda mrefu kuliko kusimamisha vizuizi vyenyewe, na kwa sababu hiyo wengi huikwepa wakiamini kwamba kizuizi kitafidia. Hakifidii. Jiwe ulilolitoa kwa mkono halina haja ya kuzuiwa, na zaidi ya hayo utaokoa meno ya mashine, ambayo mwenye mashine atakudai yakivunjika.

10. Kata kisiki kifike chini kadiri msumeno unavyoruhusu. Kila sentimita unayoiondoa kwa msumeno ni sentimita ambayo haitarushwa, na gurudumu linapofanya kazi chini ya usawa wa ardhi kuta za shimo huwa kizuizi cha kwanza.

11. Nyunyizia maji ardhini na juu ya kisiki, hasa Januari na Februari wakati vumbi ni jingi. Kiasi cha ndoo moja au mbili kinatosha. Ukimwaga maji mengi, chenga hugeuka uji mzito unaoganda chini ya mashine, na miguu ya paneli huanza kuzama. Wakati wa masika huna haja ya kunyunyiza hata kidogo, bali tafuta vipande vya mbao vya kuweka chini ya miguu.

Kusimamisha vizuizi na kusaga

12. Amua mdomo wa vizuizi, yaani upande ulio wazi, utazame wapi. Paneli sita hupangwa kwa umbo la herufi U: mbili mbele ya kisiki na mbili kila ubavu, na mashine huingia kupitia upande ulio wazi. Soma mashine yako kabla ya kupanga. Katika mashine nyingi meno hushuka kwa mbele na kurudi chini kuelekea kwenye mashine yenyewe, hivyo sehemu kubwa ya chenga hurudi nyuma, na mpira uliofungwa chini ya mashine ndio unaomkinga mwendeshaji. Mpira huo ukiwa umechanika au umetolewa, usiwashe mashine hadi urudishwe, kwa maana hakuna paneli unayoweza kuiweka baina ya mwendeshaji na mashine yake. Mdomo wa U utazame upande usio na nyumba, njia wala mifugo. Usiutazamishe kamwe getini.

13. Simamisha paneli zikiwa mita 1 au zaidi kutoka mahali pa mbali kabisa ambapo gurudumu litafika linapozungushwa kushoto na kulia. Pima kwa tepu huku mashine ikiwa imezimwa na mkono wa gurudumu ukisukumwa hadi mwisho wake. Hili ndilo kosa ambalo nimeliona likirudiwa kuliko mengine yote: mtu hupima kutoka kwenye ukingo wa kisiki, anasahau kwamba gurudumu hupitiliza ukingo huo, na pazia linavutwa ndani. Kwa upande mwingine, paneli zikiwa mbali sana, chenga hupata nafasi ya kupanda na kupita juu. Mita 1 hadi 1 na nusu ni kipimo kizuri kwa mashine ndogo ya kusukuma.

14. Weka kiroba cha mchanga kwenye mwisho wa nje wa kila mguu, wala usikiweke karibu na paneli. Kiroba kilicho mbali kina nguvu zaidi ya kuizuia paneli isiangukie ndani, na kuangukia ndani ndiko kunakoua. Funga kamba baina ya paneli, kisha isukume kila moja kwa mkono kutoka nje kwa nguvu za kutosha. Ikitikisika, ongeza kiroba. Alasiri upepo unapozidi, kagua tena.

15. Tandaza turubai jepesi ardhini nje ya paneli, hasa mahali penye nyasi, changarawe au maua. Chenga zitakazopita juu zitaangukia hapo, nawe utazikung'uta kwa mara moja badala ya kuzichambua kwenye nyasi wiki nzima.

16. Ondoa watu. Kila mtu asiyefanya kazi awe umbali wa mita 20 au zaidi, au ule uliotajwa kwenye kitabu cha mashine kama ni mkubwa zaidi, au awe ndani ya nyumba upande wa pili. Ng'ombe, mbuzi na mbwa wafungwe mbali. Msaidizi mmoja asimame mahali ambapo mwendeshaji anamwona, nje ya mstari wa mdomo wa U, na wakubaliane ishara ya mkono ya kusimamisha kazi kabla masikio hayajafunikwa. Karibu na njia wanakopita bodaboda, msaidizi wa pili anahitajika kwa ajili ya kusimamisha wapitaji, na akiwa na kitambaa chekundu mkononi ataeleweka haraka kuliko akipaza sauti.

17. Anza kusaga ukingo wa juu wa kisiki ulio mbali na wewe, ukishuka sentimita 3 hadi 5 kwa kila mzunguko na kulipeleka gurudumu taratibu kushoto na kulia. Tabaka la kwanza ndilo linalorusha kwa nguvu na kwa juu kuliko mengine yote, kwa hiyo baada ya dakika mbili au tatu zima mashine, subiri gurudumu lisimame kabisa, kisha uzunguke nje na utazame ni wapi chenga zimeangukia. Rekebisha paneli sasa hivi na si mwishoni.

18. Chenga zikifika nusu ya kimo cha mpira wa chini na kuanza kulifunika gurudumu, simamisha kazi na uzitoe kwa koleo. Usizitoe zote. Acha tabaka la chenga lizunguke shimo, kwa sababu hupokea mawe vizuri kuliko ardhi tupu. Mashine iwe imezimwa wakati wote wa kuzitoa, na gurudumu liwe limesimama.

19. Ongeza uangalifu unapofika sentimita 10 chini ya usawa wa ardhi. Mlio wa mashine ukibadilika ghafla kutoka kwenye ngurumo nzito hadi mlio mkali wa kugonga, umefikia jiwe. Inua gurudumu, zima, na ulitoe jiwe kwa sururu. Kuendelea kusaga juu ya jiwe kwa matumaini kwamba litapasuka hakuna faida kwa yeyote.

Tahadhari mbili za moto na hewa: usiezeke juu ya vizuizi wala kuvigeuza hema ili kuzuia vumbi, kwa sababu moshi wa ekzosi una hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo hujikusanya mahali palipofunikwa. Vilevile hakikisha turubai na chenga kavu havigusi ekzosi, na usiongeze petroli injini ikiwa bado ya moto.

Kisiki kilicho karibu na ukuta au dirisha

Mara nyingi mti ulipandwa karibu na ukuta, na nafasi ya mita 1 haipo. Hapo usisimamishe paneli kwa miguu upande huo. Ondoa miguu, ondoa na pazia, kisha egemeza plaiwudi moja kwa moja kwenye ukuta huku ukiweka viroba vilivyojazwa maranda baina yake na ukuta, ili mapigo yasifike kwenye plasta. Plaiwudi ifungwe juu kwa kamba kwenye nondo za dirisha au kwenye msumari wa zege, isije ikateleza. Kwa kuwa hakuna pazia, mawe yatarudi, na mwendeshaji afanye kazi polepole zaidi na kwa tabaka jembamba. Gurudumu likiwa haliwezi kuzunguka bila kuikaribia plaiwudi kwa chini ya sentimita 30, acha sehemu hiyo ya kisiki na uimalizie kwa shoka.

Madirisha yaliyo ndani ya mita 20 yafunikwe hata kama yako nyuma ya kizuizi. Godoro kuukuu lililofungwa kwenye nondo linatosha. Magari yaondolewe, kwani kulifunika gari kwa turubai hakulindi kioo.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

Chenga zinapita juu ya paneli. Kwanza tazama kama unasaga tabaka nene mno, maana hiyo ndiyo sababu ya kawaida. Kama sivyo, sogeza paneli karibu hadi kipimo cha mita 1, kisha funga ukanda wa turubai wa sentimita 40 juu ya paneli ya mbele, uinamishwe kuelekea nje kwa mirunda miwili. Usiuinamishe ndani, kwa kuwa ukikatika utaangukia kwenye mashine.

Mawe madogo yanatoka chini. Ardhi haiko sawa na mpira haufiki. Jaza nafasi hiyo kwa udongo uliochujwa mawe, au laza kiroba cha mchanga nje ya paneli mahali hapo. Usijaze kwa kokoto wala vipande vya tofali.

Paneli inasogea kidogo kidogo. Mtetemo wa ardhi laini ndio unaoisogeza. Pigilia kigingi cha mbao kwenye mwisho wa mguu, upande wa ndani wa kiroba.

Pazia limechanika. Zima mashine na utazame lilipochanikia. Likiwa limechanika chini tu, kwa mistari mirefu ya kwenda juu, ni mawe, na kubadilisha tabaka la mbele kunatosha. Likiwa limechanika kwa mkato safi wa mlalo, gurudumu limelifikia, na paneli yote inatakiwa kurudishwa nyuma kabla ya kuendelea.

Plaiwudi ina makovu. Hilo ni jambo la kawaida, na makovu hayo yanafaa kusomwa. Inua pazia baada ya kazi na upitishe kiganja chenye glavu kwenye uso wa ndani: utakuta vishimo vingi chini ya kimo cha goti, na pengine kijiwe cheusi kilichozama hadi kubaki usawa na ubao. Sehemu yenye vishimo vingi ndiyo upande ambao mashine yako hurusha zaidi, na paneli hiyo iongezwe ubao wa pili kabla ya kisiki kinachofuata. Kovu likiwa limetokeza upande wa nje, plaiwudi imekwisha. Ibadilishe, usiizibe.

Vumbi linafika kwa jirani. Paneli hazizuii vumbi laini. Nyunyiza maji kidogo kila unaposimama kutoa chenga, na mweleze jirani mapema aanue nguo zake.

Chenga ni nyingi kuliko shimo. Hii huwashangaza wengi, lakini mti uliosagwa na kuchanganyika na udongo huchukua nafasi kubwa kuliko ulivyokuwa mzima. Zipepete kwa reki ili kutoa mawe, kisha zitandaze juu ya ardhi kwenye migomba au njia za bustani bila kuzichimbia ndani, kwa kuwa zikichanganywa na udongo zikiwa mbichi huifyonza naitrojeni ambayo mimea inaihitaji. Shimo lijazwe udongo, kwa sababu likijazwa chenga tupu litatitia mvua za masika zinapokuja.